Mpiga Ukelele wa Wadi Hanshal

Harib bin Shamis alikuwa mwoga wa maji, na katika kijiji chetu cha Maghsar hilo halikuwa tusi. Baba yake alikuwa mwoga wa maji, babu yake vilevile, na ndiyo maana kazi ya kupiga ukelele ilikaa katika nyumba yao. Mtu jasiri angengoja aone kwanza. Sisi tulimtaka mtu wa kuogopa kabla ya wengine.

Wadi Hanshal, mto wetu mkavu, hupita chini ya nyumba zetu. Karibu mwaka mzima, na pengine miaka miwili mfululizo, ni njia ya mawe meupe tu, na punda hulala katikati yake. Mvua ikinyesha jabalini, maji hushuka kwetu, huingia katika korongo jembamba linalojipinda huku na huku, kisha hutokea kijiji cha Hulaya, ambako wadi hutanuka ikawa kama uwanja. Mbele ya hapo huenda kufia mchangani. Watu wa Hulaya hawaioni mvua yetu kwa sababu jabali limewakinga. Kwao mbingu huwa safi na jua linachoma, na maji huwafikia pasipo wingu hata moja la kuwaonya.

Kwa hiyo wazee walipanga hivi. Chini ya Maghsar kuna jiwe kubwa tunaloliita Ngamia, kwa vile limekaa kama ngamia aliyepiga magoti. Maji yakifika magotini mwake, Harib hupanda ukingoni, huweka kiganja sikioni na kupiga ukelele mrefu. Katikati ya njia, juu ya korongo, walikaa wachunga mbuzi, na huko alikuwako Bi Mauza, mwanamke mwenye sauti ya kutisha wanaume, ambaye aliupokea ukelele ule na kuurusha hadi Hulaya. Kutoka Ngamia hadi Hulaya maji yalichukua saa moja na nusu, pengine zaidi kidogo. Ukelele ulichukua muda wa kumeza tonge.

Serikali ilipoigawa nchi kwa mikoa na wilaya, mstari ulipita katikati ya wadi. Sisi wa juu tukawa mkoa wa Dakhiliya, wao wa chini wakawa Sharkiya. Ilisimikwa nguzo ya saruji karibu kabisa na vibanda vya Bi Mauza. Hatukuona tofauti. Tuliendelea kuoana: Ghaniya, dada wa pekee wa Harib, alikuwa ameolewa Hulaya na Thani bin Nabhan na kuzaa huko watoto wanne.

Baadaye alikuja karani wa maji akamkabidhi Harib kopo la kupimia mvua, daftari, na ujira mdogo wa kila mwezi. Alimwonyesha mstari mwekundu ndani ya kopo.

"Maji yakivuka hapa, ami Harib, nenda kwenye simu ya duka la Muhanna, upige wilayani. Wilaya ndiyo itakayojua la kufanya."

"Na ukelele?"

Karani alicheka kwa adabu. "Ukelele piga ukipenda. Lakini serikali haina sikio la kusikia ukelele."

Harib alilipokea kopo lile kwa furaha, nami nasema furaha hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa kosa. Kwa mara ya kwanza alihisi mzigo wake umepata bega la pili.

Lilikuwapo na jambo jingine. Miaka minne kabla ya siku ninayoisimulia, Harib alipiga ukelele wakati wa kuchemsha tende. Hulaya wana tende za mabsali ambazo huchemshwa mbichi katika masufuria makubwa ya shaba, kisha huanikwa juani siku tano au sita. Waliposikia ukelele walizizoa tende zingali na maji ya moto, wakazirundika ukingoni, wakakaa kungoja. Maji hayakufika. Changarawe ya korongo iliyanywa yote njiani. Tende zikachacha katika marundo, na katika harusi ya kwanza iliyofuata watu wa Hulaya waliimba kwamba Harib ni sultani wa mawingu. Walimwimbia mbele ya uso wake, naye ameshika kikombe cha kahawa. Ghaniya alimfuata nje akamwambia, "Ndugu yangu, mume wangu hasemi nami siku ya tatu leo. Siku nyingine hakikisha kwanza."

Neno lile lilimwingia kuliko wimbo.

Ilikuwa mwezi wa Julai, siku ya Jumatano. Tangu asubuhi hewa ilikuwa nzito, na mbuzi waligoma kwenda malishoni. Saa saba mchana wingu lilikalia kichwa cha jabali, jeusi upande wa chini, na halikusogea. Kisha ikashuka mvua ya mawe. Harib alisimama mlangoni akilitazama kopo lake likijaa, na mkewe Rayya anasema alikuwa amejikumbatia mabega kama mtu mwenye homa.

"Yamevuka mstari," alisema.

"Basi nenda ukingoni," Rayya akamwambia.

"Naenda kwenye simu."

"Simu iko kushoto, ukingo uko kulia. Dada yako yuko wadini leo, unajua?"

Alijua. Zamani Hulaya walikuwa na uwanja wao wa kuanikia tende, juu, mahali salama. Barabara ya lami ilipopita iliuchukua uwanja ule, na wao wakahamia katikati ya wadi, kwenye changarawe pana na safi. Hakuna aliyeuliza. Wakati wa kuchemsha, nyumba zote zilishinda pale, wake kwa waume na watoto, kuanzia alfajiri hadi giza.

Harib alikwenda kwenye simu. Saa ya dukani ilionyesha saa nane kamili. Muhanna mwenye duka alimsogezea chombo, akamwachia na kigoda.

"Halo, wilayani? Mimi ni Harib wa Maghsar, wa kopo la mvua."

"Ahlan, ami Harib! Habari za huko? Habari za watoto? Hamna jipya?"

Wasomaji wangu wa mbali wajue kwamba kwetu swali hilo lina jibu moja tu. Mtu akiulizwa habari, hata kama ametoka kumzika baba yake, husema hakuna habari ila ya heri. Jambo lenyewe hulitoa baadaye, baada ya kahawa. Ni adabu nzuri. Harib alilelewa ndani yake.

"Hakuna habari ila ya heri," alisema. "Nyinyi je? Wazee hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Mvua vipi?"

"Imevuka mstari. Bado inanyesha."

"Alhamdulillahi, neema. Kwenu kuna madhara?"

"Kwetu hakuna. Lakini Hulaya wako wadini, wanachemsha tende."

Upande wa pili karatasi zikapekuliwa. "Hulaya si yetu, ami. Hulaya ni Sharkiya."

"Najua ni Sharkiya. Wadi ni moja."

"Usitie shaka. Mimi nitawaambia mkoani, mkoa wetu utauambia mkoa wao, mkoa wao utaiambia wilaya yao, na wilaya itatuma polisi. Ndiyo utaratibu. Umefanya vizuri sana, ami."

Harib akaweka simu chini. Hakuna mtu aliyemlazimisha kukaa. Ukingo ulikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Muhanna alimmiminia kahawa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno, hakuweza kunyamaza.

"Sultani wa mawingu leo ana waziri wa simu!"

"Nyamaza, Muhanna."

"Nasema tu. Ungepiga ukelele sasa hivi, Thani angekuja hapa na tende zake zilizochacha akulishe moja moja."

"Wilaya imesema itawaambia."

"Basi kunywa kahawa. Wilaya ina gari, wewe una koo tu."

Alikunywa kikombe kimoja, cha pili, cha tatu. Kahawa ilimwagika kwenye kanzu, na bado hakuondoka. Alijiambia kwamba maji yatanywewa na changarawe kama mara ile. Alijiambia kwamba polisi wameshawasha gari. Kila mara alipotaka kusimama aliuona uso wa dada yake usiku wa harusi ile, akakaa tena. Saa moja nzima ikapita hivyo.

Saa tisa ulisikika mngurumo. Haukuwa wa radi, maana radi husikika ikakatika, na huu haukukatika. Harib alitupa kikombe akakimbia hadi ukingoni. Wadi ilikuwa imegeuka rangi. Maji mekundu, mazito kama uji, yalikuja yamebeba mitende mizima na mlango wa nyumba ya mtu, na Ngamia hakuwa na magoti tena. Alizama hadi shingoni.

Katika umri wake wote Harib hakuwahi kuyaona maji yamefika shingoni.

Aliweka kiganja sikioni akapiga ukelele. Watu wazima waliousikia siku ile wanasema ulikuwa ukelele wa mnyama. Alinyamaza akasikiliza upande wa korongo, akingoja sauti ya Bi Mauza. Akapiga tena. Hakuna kilichojibu ila maji.

Ndipo alipokumbuka. Bi Mauza alikuwa amehama. Mwaka wa pili sasa. Wachunga mbuzi wale waliomba tangi la maji; mkoa mmoja ukasema mko ng'ambo ya nguzo, mkoa mwingine ukasema hivyohivyo, na mwishowe walichoka wakaenda kukaa na watoto wao kwenye nyumba mpya kando ya barabara. Harib alikuwa amekwenda kuwaaga yeye mwenyewe. Aliwabebea hata mikeka. Lakini kulikuwa na ukame miaka ile, wadi haikuteremka hata mara moja, na katika kichwa chake Bi Mauza alikuwa bado yuko pale juu, akingoja kuitwa.

Akakaa chini palepale ukingoni. Rayya alimkuta amekaa hivyo.

"Simama," alimwambia.

"Hakuna mtu katikati, Rayya. Hakuna mtu."

"Simama, wewe mwanamume! Njia ya mbuzi iko wapi? Maji yanazunguka, wewe hukatizi?"

"Yamenitangulia."

"Basi yafukuze!"

Ni kweli kwamba kuna njia ya mbuzi inayokata mgongo wa jabali na kuacha mizunguko yote ya korongo. Kwa gari ingekuwa kuzunguka jabali saa tatu. Kwa miguu, kwa kijana, ni saa moja na robo. Harib alikuwa na miaka hamsini na miwili. Aliikunja kanzu kiunoni, akamtupia Rayya maneno kwamba Muhanna aendelee kupiga simu, akaondoka mbio.

Sehemu ya njia hii ninaisema kama alivyonisimulia mwenyewe, na hakuisimulia mara nyingi. Alisema kwamba hofu ilikuwa na mahali pake mwilini, chini ya mbavu za kushoto, kama mkono wa mtu uliomshika kwa ndani. Alipopanda, ulikaza. Mawe yalikuwa yameloa na kuteleza. Ndara moja ilikatika mwanzoni kabisa, akaitupa ya pili ili miguu ilingane, na baada ya hapo hakuzihisi nyayo zake tena. Kila mahali njia ilipoukaribia mdomo wa korongo aliyasikia maji chini, na kila mara aliyasikia mbele yake, si nyuma. Alihesabu watu. Ghaniya. Watoto wanne. Thani. Mama yake Thani asiyeweza kutembea bila kushikwa. Nyumba ya Bi Sheikha, watu tisa. Nyumba za kina Saadun, sita au saba. Akifika watu hamsini hesabu ilimvunjikia akaanza upya.

Alipofika kwenye nguzo ya mpaka alisimama kuvuta pumzi. Vibanda vya Bi Mauza vilikuwa vimeezuka mapaa. Palikuwa na mtungi uliopasuka na ukuta wa zizi. Kutoka hapa mtu aliona mbali. Upande wa nyuma yake jabali lilikuwa jeusi kwa mvua. Upande wa mbele nchi yote ilikuwa imelala katika jua, ya manjano, kimya, hadi kwenye ukungu wa mchanga. Na aliuona moshi wa masufuria ya Hulaya ukipanda wima. Kulikuwa hakuna upepo.

Walikuwa bado wamo ndani.

Alipiga ukelele pale alipokuwa amezoea kusimama Bi Mauza, akiomba Mungu sauti yake iwe ya mwanamke yule. Ilitoka kama kikohozi. Koo lilikuwa limekauka, na mbio zilikuwa zimelimaliza. Alijaribu mara ya pili, akatema damu kidogo. Moshi wa Hulaya uliendelea kupanda wima.

Alishuka mteremko kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Aliponyanyuka juu ya ukingo wa Hulaya aliwaona wote chini yake, karibu kabisa, kama watu waliochorwa: masufuria saba juu ya moto, wanawake wameinama wakitandaza tende za manjano kwenye mikeka, watoto wakikimbizana kati ya mikeka, vibanda vya makuti vya kuleta kivuli. Alipunga kilemba chake. Mtu mmoja aliinua kichwa.

"Haya, sultani huyo! Ametujia mwenyewe!"

"Leo ametembea? Wingu lake limepata pancha?"

Walicheka. Hata watoto walicheka. Juu yao mbingu ilikuwa ya buluu tupu. Thani alisimama na mti wake wa kukorogea, jasho likimtoka, akapaza sauti, "Shemeji, karibu kahawa! Lakini mawingu yaache hukohuko juu!"

Harib alifungua mdomo na maneno hayakutoka. Kitu pekee kilichobaki kilikuwa ni kushuka. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hilo ndilo lililomtisha zaidi, kuliko maji yenyewe: kuuacha ukingo kwa hiari yake na kutia miguu kwenye changarawe ile, huku akijua.  Alishuka akapita katikati ya mikeka, akikanyaga tende za watu, akiacha alama za damu juu yake, na kicheko kikaanza kupungua kadiri alivyokaribia.

Bi Sheikha, mkubwa wa wanawake wa Hulaya, alikuwa amekaa kivulini akitoa kokwa za tende. Alimtazama nyayo, akamtazama uso. Alikuwa mwanamke wa adabu, naye akauliza kama apaswavyo mgeni kuulizwa.

"Karibu, Harib. Habari za huko?"

Wote walingoja jibu lile moja.

"Mbaya," Harib akasema kwa sauti isiyozidi mnong'ono. "Habari ni mbaya, Bi Sheikha. Ni mbaya sana."

Mle wadini hamkuwa na mtu aliyewahi kusikia swali lile likijibiwa hivyo. Wala mimi sikuwahi, na nina umri huu. Bi Sheikha hakuuliza tena. Alisimama, tende zikamwagika kutoka mapajani mwake, na sauti aliyoitoa haikuwa ya mwanamke mzee.

"Tokeni! Tokeni wote! Acheni kila kitu!"

"Tende, Bibi..."

"Nimesema acheni! Shika mtoto, toka!"

Ghaniya alikuja mbio kwa kaka yake. "Ni kweli?"

"Amezama shingo," alisema. "Ngamia amezama shingo."

Akamwona dada yake anabadilika rangi. Ghaniya aligeuka akawaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti kali kama ya kuwagombeza. Thani alikuwa bado ameshika mti wake, akiitazama mikeka yake, kazi ya mwaka mzima. Harib alimshika kanzu kifuani.

"Mama yako."

"Mara ile pia ulisema..."

"Mama yako, Thani! Mbebe mama yako!"

Walitoka. Hawakutoka vizuri, walisukumana, mtoto mmoja alikanyagwa mkono, sufuria moja lilipinduka likamwunguza mtu mguu. Mama yake Thani alibebwa mgongoni huku akilalamika kwamba amesahau fimbo. Walipokuwa wamepanda nusu ya ukingo upepo wa baridi uliwapiga kutoka mdomo wa korongo, upepo wenye harufu ya udongo, katika saa ambayo hata mbwa hutafuta kivuli. Kisha yakatoka.

Sitayaeleza sana. Yalitoka kama ukuta, na mbele ya ukuta ule mawe yalikuwa yakigongana. Masufuria saba yalielea kitambo, yakizunguka, mojawapo bado likitoa mvuke. Mikeka ilinyanyuka pamoja na tende zake kama imekunjwa na mtu. Mara palepale palipokuwa na watu pakawa hapapo.

Wanawake walilia, wanaume wakaanza kuhesabu. Walihesabu kwa nyumba, kama tunavyohesabu sote. Nyumba ya Nabhan, timamu. Nyumba ya Saadun, timamu. Nyumba ya Bi Sheikha, tisa. Watu walikumbatiana, mtu mmoja akasujudu kwenye mawe, na Thani akambusu Harib kichwani mbele ya wote.

Ni Ghaniya aliyesema, "Na yule Rafiki?"

Kulikuwa na kibarua wa Thani, Mbengali, aliyekuja mwaka uliotangulia. Kwetu vibarua wote huitwa Rafiki, ni jina lisilomgharimu mtu chochote. Hakuwa wa nyumba yoyote. Thani alishika kichwa.

"Nilimtuma kuni. Pale kwenye kona, ndani ya korongo. Kuna mti ulioanguka."

"Lini?"

"Kama nusu saa kabla huyu hajafika."

Harib aliketi chini. Wote walikuwa wakitazama kona ya korongo, ambako maji yalijaa toka ukuta hadi ukuta. Yeye peke yake alikuwa akitazama mikono yake. Saa tisa mtu yule alikuwa bado anakoroga sufuria. Saa tisa na nusu alikuwa bado anakoroga.

Gari la polisi lilifika Hulaya saa mbili usiku, na karatasi, na onyo kwamba kuna uwezekano wa wadi kuteremka.

Kibarua yule alipatikana siku ya tatu, mbali sana, karibu na mchanga, katika wilaya nyingine tena. Vituo viwili viliulizana ni nani amwandikishe. Ndipo wengi wa Hulaya walipojua kutoka kwenye pasipoti iliyokuwa sandukuni mwake kwamba aliitwa Mofizul Karim, na kwamba alikuwa na miaka ishirini na minane. Harib aliomba aoshe maiti, akaruhusiwa. Alikwenda na miguu yake iliyofungwa matambara. Baada ya maziko, watu wakiwa bado wamesimama na udongo mikononi, alisema mbele yao:

"Nilipima mvua saa nane. Nimekuja kwenu saa kumi na nusu. Saa moja kati ya hizo nilikuwa dukani nakunywa kahawa."

"Ulikuwa umepiga simu, Harib," mzee mmoja alimjibu. "Ulifanya ulichoambiwa."

"Sikuwa nangoja simu."

"Sisi ndio tuliokucheka," Thani akasema. "Ni sisi."

"Mlinicheka, na kucheka hakuui. Mimi nimeajiriwa kuogopa maji. Siku ile niliwaogopa nyinyi."

 Kuna watu hufanya makosa makubwa kwa ukatili wao. Wengi zaidi huyafanya wakiwa wamekaa vizuri, mbele ya kahawa, wakijua, wakingoja mtu mwingine wa wilaya nyingine asimame kwa niaba yao. Sipendi kulipamba jambo hili. Saa moja ni saa moja.

Mwaka ule ule Harib na Rayya waliezeka kibanda cha Bi Mauza wakahamia huko juu, kwenye nguzo. Ukelele wa Maghsar ulipokewa na mpwa wake, mwana wa kwanza wa Ghaniya aliyehamia kwetu, kijana aliyekuwa akitapika kila aonapo wingu, naye akafaa. Ofisi ya maji ilimwandikia Harib kwamba kwa kuwa haishi tena katika kijiji kilichotajwa, kopo lirudishwe. Alilirudisha. Tangi la maji hakuliomba. Hulaya walimpelekea maji kwa punda kila Jumamosi, na hawakuanika tena tende mle wadini bila kusikia kwanza salamu yake ya asubuhi, kwamba jabali ni safi.

Hofu haikumtoka. Rayya alisema kwamba wakati wa joto alikuwa halali mchana, anakaa ukutani mwa zizi akitazama jabali, na mkono wake uko chini ya mbavu za kushoto. Wingu la ukubwa wa kilemba lilimtosha. Alipiga ukelele kwa mvua ya kweli na kwa mvua ya kudhani, na mara nyingi ilikuwa ya kudhani. Kila mara Hulaya walizoa watoto wao wakapanda.

Mwaka wa tatu baada ya msiba walipanda hivyo mchana wa Ijumaa, tende zikiwa zimetoka kwenye moto. Walikaa ukingoni hadi jua likazama. Maji hayakufika. Tende zilichacha, za Thani zaidi kuliko za wote. Thani alimtukana Harib, akaitukana sauti yake, akaitukana mvua na jabali lililoizaa. Alimtukana hadi adhana ya magharibi, lakini alimtukana akiwa ukingoni, na kibarua wake mpya ameketi kando yake.